Tunayodanganyana kuhusu straika kijana

Wiki chache kabla ya msimu kuanza, mama mmoja anayeuza dagaa pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la kando ya ziwa hapa Mwanza, aliniita. "Mwalimu, hebu pita hapa unisomee." Alikuwa na karatasi nne zilizobanwa pini, za Kiingereza, pembe zimeshaloa. Mwanawe wa miaka 17, straika wa timu yetu ya mtaa, alikuwa ametakiwa na klabu. Wajomba wawili walishakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, mmoja akipiga hesabu za bati za nyumba. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikasoma wa pili, nikaomba maji ya kunywa.

Nimecheza namba tisa kwa miaka tisa, nusu yake bila kujua nilichosaini. Siku hizi nafundisha watoto jioni, na kila dirisha la usajili likifunguliwa nasikia maneno yale yale kutoka kwa watu wenye nia njema kabisa. Nimeyaandika hapa pamoja na yalivyo kweli. Ya karatasi nitayakalia zaidi, maana ndiyo yaliyoniumiza.

"Akisaini tu, tumetoka"

Hii ndiyo ilikuwa kauli ya wajomba. Klabu ilikuwa imetaja dau la usajili, na dau likishatajwa, hakuna tena anayeuliza mshahara. Dau ni pesa ya mara moja, na mara nyingi inakuja kwa vipande. Mshahara ndio unaolipa chumba mwezi wa kumi na moja wakati goli la mwisho lilikuwa la mwezi wa tisa. Kwenye karatasi za mama, dau lilikuwa limeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno. Mshahara ulikuwa na mstari mmoja: utakubaliwa baadaye. Muda wa mkataba: miaka mitano.

Hapo kwenye mitano ndipo nilipoomba maji. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18 kufungwa kwa mkataba unaozidi miaka 3. Ukiandikwa zaidi ya hapo, kinachozidi hakitambuliwi. Huo mkataba wa miaka mitano ni wa mtu mzima. Sidhani kama aliyeuandika alikuwa mwizi; nadhani alichukua mkataba wa mchezaji mwingine akabadilisha jina. Lakini kijana angekaa miaka mitatu akiamini bado anadaiwa miwili.

Jambo la pili ambalo sikuambiwa mimi enzi zangu: mshahara usipolipwa, unazo hatua za kuchukua. Niliwahi kukaa miezi mitano bila kulipwa kwenye timu moja, nikila kwa muuza chipsi aliyekuwa shabiki wangu. Siku moja nikachoka, nikapanda basi usiku nikarudi nyumbani. Timu ikanishtaki kwa utoro, na nikashindwa. Kanuni zinasema mishahara ya miezi miwili ikipita bila kulipwa, mchezaji anaandika barua ya kudai, anatoa siku 15, na wasipolipa ndipo anaweza kuvunja mkataba kwa sababu ya haki. Barua. Siyo kuzima simu, na siyo kupanda basi. Ningekuwa na karatasi moja tu yenye muhuri wa kupokelewa, kesi ile ingegeuka.

Kwa hiyo nilimwambia mama mambo matatu: mshahara uandikwe kwa tarakimu, muda usizidi miaka mitatu, na nakala ibaki kwako, siyo kwa meneja. Mjomba wa bati akaniangalia kama mtu aliyemwagia maji jiko.

"Huyu wakala anajua watu Ulaya"

Inawezekana kweli anawajua. Swali ni kama ana leseni. Wakala wa mchezaji anatakiwa awe na leseni ya FIFA, ambayo inapatikana kwa mtihani, na jina lake mtu yeyote anaweza kulitafuta kwenye tovuti ya FIFA kwa simu ya kawaida tu. Anayekuomba laki tano ya "majaribio Uturuki" na jina lake halipo huko, amekuja kuchukua hiyo laki tano.

Halafu kuna suala la miaka 18. Uhamisho wa nchi hadi nchi kwa aliye chini ya umri huo umekatazwa, isipokuwa kwa mazingira machache: kwa mfano wazazi wamehama kwa sababu zisizo za mpira. Upo na msamaha wa wanaoishi mpakani, ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka, na klabu nayo iwe ndani ya kilomita 50 upande wa pili. Mtoto wa Sirari, pale mpakani na Kenya, anaweza kuufikiria huo. Wa Nyegezi, hapa Mwanza, hapana.

Angalieni Kelvin John. Mwaka 2019 alikuwa na Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, kwenye AFCON ya vijana wa chini ya miaka 17 iliyofanyika hapa kwetu, na jina lake likawa kubwa. Genk ya Ubelgiji ilimchukua mwaka 2021, baada ya kutimiza 18. Kipaji hakikuongezeka siku ya kuzaliwa kwake. Ilikuwa ni kanuni tu. Mtu anayekwambia mwanao wa miaka 16 anaondoka mwezi ujao, mwulize anapita msamaha upi.

"Ukibaki Mwanza unaozea huku"

Mji huu umewahi kuwa na bingwa wa Tanzania. Pamba, TP Lindanda, ilichukua ligi mwaka 1990. Mwaka 2017 Mbao, timu nyingine ya hapa, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Dodoma ikaisumbua Simba mpaka muda wa nyongeza, ikafungwa 2-1. Pamba wenyewe walipotea ligi kuu zaidi ya miaka ishirini, wakarudi msimu wa 2024/25 kama Pamba Jiji. Sasa hivi straika wa hapa anaweza kucheza ligi kuu na bado akala ugali wa mama yake Jumapili.

Lakini mfano ninaoupenda uko ng'ambo ya ghuba. Msimu wa 2021/22 Geita Gold ilikuwa ngeni kabisa ligi kuu, na mfungaji bora wa ligi akatoka kwao: George Mpole, magoli 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Baada ya hapo akaenda Lupopo ya Lubumbashi. Hakupitia Kariakoo, kwa Simba na Yanga, kupata kiatu cha mfungaji bora. Alipita mahali ambapo jina lake lilikuwa la kwanza kwenye karatasi ya kikosi kila wiki.

Hesabu ni hii. Ligi ina timu 16, mechi 30. Klabu moja inaruhusiwa kusajili wageni hadi 12, na timu kubwa haziendi kutafuta beki wa akiba kwa pesa zile, zinaleta washambuliaji. Kijana wa miaka 19 anayekwenda huko anaweza kumaliza msimu na dakika zisizofika mechi tatu. Wapo wanaotoboa, Clement Mzize alitoka timu ya vijana ya Yanga na msimu wa 2024/25 akafunga 14. Lakini kwa kila Mzize mmoja, mimi ninawafahamu kwa sura waliorudi stendi ya Nyegezi na begi lenye nembo ya klabu kubwa na miguu iliyosahau kukimbia.

"Straika ni magoli, basi"

Misimu miwili mfululizo ufungaji bora wa ligi kuu ulikwenda kwa viungo: Stephane Aziz Ki na magoli 21 msimu wa 2023/24, nyuma yake Feisal Salum na 19, halafu Jean Charles Ahoua wa Simba na 16 msimu uliofuata. Kama straika ni magoli tu, basi timu hizo hazikuhitaji straika. Lakini zilimpanga kila wiki.

Nieleze kwa huyu kijana wetu. Mechi ya ndondo, yaani ya mtaani, uwanja wa vumbi, upepo wa ziwa unapeleka kila mpira mrefu nje. Dakika ya sabini winga wetu anashika mpira kulia. Kijana hakwenda golini. Alipiga hatua mbili kama anakuja kuchukua mpira miguuni, beki wa kati akamfuata, tena akamshika jezi kabisa. Nyuma yao pakabaki shimo la upana wa daladala. Kiungo wetu akaingia humo, akafunga. Watu walimbeba kiungo. Kijana alikuwa bado anajikung'uta vumbi na kurudisha jezi ndani ya bukta. Pembeni yangu alikuwa amesimama mzee mmoja mgeni, kimya mechi nzima. Ndiye aliyekuja kuuliza jina lake, na hakuuliza jina la mfungaji.

Vijana wa sasa wanakata vipande vya magoli yao na kuvituma kwenye simu za makocha. Vitumeni, havidhuru. Ila kocha makini ataomba mechi nzima.

"Mechi tano hajafunga, kuna mkono wa mtu"

Hapa najua nitagombana na kamati ya ufundi. Mnazifahamu, zile kamati ambazo hazina kocha hata mmoja. Nimewahi kuogeshwa ziwani saa nane usiku kwa sababu ya ukame wa magoli, na nilichopata ni mafua.

Chukua kalamu. Kwa wastani, kwenye soka la ushindani, karibu shuti moja kati ya kumi ndilo linaloingia. Straika anayepiga mashuti mawili kwa mechi, katika mechi tano amepiga kumi. Uwezekano wa yote kumi kukosa ni karibu asilimia 35. Yaani zaidi ya mara moja katika kila vipindi vitatu vya namna hiyo, mtu mzima na afya yake, asiye na adui hata mmoja, atatoka mikono mitupu. Kocha anayeelewa hivyo hahesabu magoli ya mechi tano, anahesabu kama mashuti bado yapo. Yakipungua mashuti yenyewe, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi: ama anaumwa, ama mipira haimfikii.

Mbwana Samatta alifunga magoli 23 ya ligi Ubelgiji msimu wa 2018/19, Genk ikiwa bingwa. Januari 2020 akaenda Aston Villa iliyokuwa inapigania isishuke daraja, akafunga goli moja la ligi, na jingine kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mguu ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni nani anakupigia krosi, na ngapi.

"Shule itamharibia mpira"

Alliance hapa Mwanza ni shule na akademi, na timu yake ilicheza ligi kuu kuanzia msimu wa 2018/19. Sina cha kuongeza, ila kwamba ile karatasi ya mwaloni ilikuwa ya Kiingereza.

"Sisi wa mtaani hatupati kitu, tunalea tu"

Tunaweza kupata, ni vile hatujiandikishi. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Msimu mmoja wa umri wa 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16, asilimia 0.5. Tuseme kijana ameuzwa dola 100,000 na amekaa kwenu misimu yote ya 12 hadi 17. Inakuja asilimia 2, dola 2,000. Hizo ni mipira, neti na nauli ya kwenda Sengerema kwa miaka kadhaa.

Lakini inalipwa kwa klabu iliyosajiliwa, kwa mchezaji aliyesajiliwa, kwa misimu inayoonekana kwenye kumbukumbu. Daftari langu la mahudhurio lenye majina ya utani halihesabiki. Miaka kumi nimefundisha na daftari hilo. Mwaka huu ndiyo tumeanza kufuatilia usajili, na karani wa kwanza aliniuliza katiba ya klabu. Tulikuwa na wimbo, katiba hatukuwa nayo.

"Tupunguze umri miaka miwili, itamsaidia"

Hili alilisema mjomba wa pili, yule aliyekuwa kimya. Kwa sauti ya chini, kana kwamba dagaa wanasikia. Mtoto mwenyewe mdogo wa umbo, nani atajua?

Mfupa utajua. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili, cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, nayo hukitumia. Sehemu ya mfupa inayokua ikishaungana kabisa, ni nadra sana mwenyewe kuwa chini ya 17. Na sisi Watanzania tunapaswa kukijua zaidi ya wengine: mwaka 2017 Serengeti Boys walikwenda AFCON kule Gabon kwa sababu Congo Brazzaville iliondolewa, baada ya kushindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo hicho. Walioachwa nyumbani ni timu nzima.

Zaidi ya hapo sioni hata faida. Meddie Kagere alikuwa na miaka 32 alipomaliza msimu wa 2018/19 na magoli 23 akiwa Simba, na msimu uliofuata akafunga 22. Aliyepunguza umri anaingia mikataba akiwa na tarehe mbili kichwani, moja ya shuleni na moja ya mpira, na kila fomu ya usajili inakuwa mtego.

Nilikuwa bado naeleza habari za mfupa wakati mama aliponawa mikono, akavuta mfuko wa nailoni kutoka chini ya meza. Ndani mlikuwa na leseni ya biashara, risiti za ushuru na kadi ya kliniki ya huyo mtoto, imekunjwa mara nne, uzito wa kuzaliwa kilo 2.6. Akaiweka juu ya zile karatasi za Kiingereza, mbele ya kaka yake.

"Siku hii nilikuwepo mimi," akasema. "Wewe ulikuwa Ukerewe."

Mkataba mpya ulikuja baada ya siku kumi na moja. Miaka mitatu, mshahara kwa tarakimu. Aliukunja, akautia kwenye mfuko ule ule, akaniuliza kama nataka dagaa wa elfu mbili.