Viambata vya mitishamba kwa kano zilizoumia: maana yake na mipaka yake

Kano ni ugwe mgumu, mweupe, unaoshikiza msuli kwenye mfupa. Papasa nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino: ile kamba nene unayoigusa ndiyo kano kubwa kuliko zote mwilini. Kiambata cha mitishamba ni kemikali mahususi iliyomo ndani ya mmea, si mmea wote. Manjano yana kurkumini, utomvu wa ubani una asidi za bosweli, pilipili kali ina kapsaisini. Kwa hiyo ukiambiwa dawa fulani ya miti "inaponya kano", uliza ina kiambata gani, na kinagusa hatua ipi ya kupona.

Hatua zenyewe ni tatu. Siku chache za mwanzo pana uvimbe, joto na maumivu. Kisha, kwa wiki kadhaa, seli hutengeneza kolajeni mpya, yaani protini ya nyuzi zinazoijenga kano, lakini ni ile nyembamba ya aina ya III, iliyotapakaa ovyo. Mwisho nyuzi hizo hubadilishwa polepole kuwa kolajeni imara ya aina ya I na kujipanga upande mmoja. Kazi hii huweza kupita mwaka, kwa sababu kano hupata damu kidogo.

Viambata vingi vinavyosifiwa hugusa hatua ya kwanza tu. Asidi za bosweli huzuia kimeng'enya kinachochochea uvimbe. Kurkumini nayo hutuliza uvimbe, na katika majaribio ya maabara imepunguza kemikali zinazomeng'enya kolajeni. Kapsaisini haigusi nyuzi kabisa. Hupunguza maumivu kwa kuchosha neva zinazoyapeleka. Asiatikosidi ya gotukola, mmea mdogo unaotambaa, huhimiza seli kutengeneza kolajeni, ila ushahidi wake mwingi umetoka kwenye seli za ngozi na vidonda, na kidonda cha ngozi si kano.

Kipimo ndicho kinachowapotosha wengi. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa manjano, takriban gramu 3, kina kurkumini kama miligramu 100 hivi, wakati majaribio kwa watu hutumia mara nyingi miligramu 500 hadi 1,500 kwa siku. Tena utumbo huifyonza kidogo mno. Piperini ya pilipili manga, miligramu 20, huongeza sana ufyonzwaji huo, lakini huongeza pia kiwango cha baadhi ya dawa za hospitali mwilini, ikiwemo fenitoini, dawa ya kifafa. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze vidonge vya kurkumini bila daktari kujua, maana damu inaweza kutoka kupita kiasi.

Mmea wa komfri una kiambata cha alantoini, na marhamu yake hupunguza maumivu ya kifundo kilichoteguka. Ipakwe juu ya ngozi isiyo na jeraha, kwa siku chache, wala isinywewe kamwe: kemikali zake nyingine, alkaloidi, huharibu ini. Krimu ya kapsaisini, ya asilimia 0.025 hadi 0.075, hupakwa mara 3 au 4 kwa siku. Nawa mikono kwa sabuni, na usiweke kitambaa cha moto juu yake, utababuka.

Kosa linalotuumiza roho zaidi ni la mtu ambaye maumivu yametulia, akarudi kukimbia wiki ya pili. Nyuzi bado ni zile dhaifu, na kano huchanika upya. Kinachozipanga nyuzi ni mzigo unaoongezwa taratibu. Kwa maumivu sugu ya kano ya kisigino, zoezi linalojulikana ni kusimama kwa ncha za vidole ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, mara 15, mizunguko 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12.

Hayo si ya kano iliyokatika. Mlaze mgonjwa kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda, kisha ubinye shavu la mguu. Wayo usipojisogeza, huenda kano imekatika kabisa: weka marhamu kando, asiukanyagie mguu huo, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.