Upendo kama njia ya kiroho, maana yake nini hasa?

Hapa Moshi ukimwambia mtu kwamba upendo ni njia ya kiroho, wengi wanawaza mapenzi ya mke na mume au ile raha unayotoka nayo ibadani jumapili kwaya ikiwa imeimba vizuri. Hiyo ni sehemu ndogo sana. Njia ya kiroho ni kitu unakifanya kila siku mpaka kinakubadilisha, kuna wanaofunga, kuna wanaokesha wakisali, sasa kwenye hii unachokifanyia mazoezi ni kupenda, yaani wale watu uliopewa, baba mzee anayerudia stori ileile, mwenzio wa ndani, jirani mnaegombania maji ya mfereji, hao ndo wanakuwa ibada yako.

Dini nyingi zinaijua. Wahindu wanaiita bhakti, na kwao ni moja ya njia kuu za kumfikia Mungu pamoja na ile ya maarifa na ile ya matendo. Masufi, wale Waislamu wanaotafuta kumkaribia Mungu kwa njia ya ndani, wana Rabia wa Basra, mwanamke wa karne ya 8, ambaye dua yake inasimuliwa mpaka leo kwamba hamwabudu Mungu kwa kuogopa moto wala kwa tamaa ya pepo, anamwabudu kwa kumpenda tu. Wakristo nao wana 1 Yohana 4 inayosema Mungu ni upendo, halafu mstari wa 20 unabana kabisa: kama humpendi ndugu yako unayemwona, utampendaje Mungu usiyemwona?

Ile dua ya Rabia ndo kiini chenyewe kwa maoni yangu, maana kinachotumaliza ni hesabu. Mtu ana nyumba Njiro, gari lipo, watoto wanasoma vizuri, lakini moyo hautulii kwa sababu kichwani kuna daftari kama lile la michango ya harusi, fulani nilimchangia yeye hajanichangia, fulani nilimuuguza na simu hapigi, mke nimemfanyia hiki na kile na asante sijaiskia, na daftari hilo halijai hata siku moja kwa hiyo kila siku unajiona unawadai watu haki yako. Ukianza kumtendea mtu mema bila kumwandika, kuna utulivu unaingia polepole, na huo hauna haja ya kusubiri yeye abadilike ndo uupate.

Unaanza na mtu mmoja, tena yule mgumu. Msalimie kwanza wewe, msikilize amalize, usimsimange kwa ulichompa jana.

Na jamani hii haimaanishi kuvumilia kupigwa. Mume anayekupiga unaweza kumuombea ukiwa salama kwa dada yako, na dawati la jinsia polisi lipo, nenda karipoti.