Mabadiliko ya muundo wa uchumi: kuhama shamba pekee hakutoshi

Fremu za maduka zikishaota palipokuwa na migomba, kuanzia Tengeru hadi Boma Ng'ombe kwenye barabara ya Arusha na Moshi, hakosekani mtu wa kusema kwamba uchumi wa huku umepitia mabadiliko ya kimuundo. Maneno hayo yamejaa pia kwenye maandiko ya miradi na hotuba, na mara nyingi hayastahili kuwepo hapo.

Maana yake kwa ufupi: nguvukazi na mtaji vinahama kutoka shughuli zenye tija ndogo kwenda zenye tija kubwa, hadi sura nzima ya uzalishaji na ajira inabadilika. Wala si yale marekebisho ya uchumi ambayo Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 1986. Yale yalihusu thamani ya shilingi, bei na matumizi ya serikali.

Kinachosahaulika ni tija, yaani thamani anayozalisha mtu mmoja. Tanzania, kilimo kinatoa takriban robo ya pato la taifa huku kikibeba zaidi ya nusu ya wenye kazi. Tuchukue mfano wa watu 100 wanaozalisha shilingi milioni 100 kwa mwaka. Wakulima 60 wanatoa milioni 25, kama 417,000 kila mmoja. Wale 40 wengine wanatoa milioni 75, yaani 1,875,000 kila mmoja, mara nne na nusu. Wakulima watano wakiingia kwenye kazi za tija hiyo kubwa, na kila aliyebaki akizalisha kama zamani, jumla inapanda kwa karibu milioni 7.3. Wakiingia kwenye kazi inayotoa 500,000, jumla inapanda kwa laki nne na kidogo tu. Takwimu za ajira zitasema kitu kilekile mara zote mbili: kilimo kimeshuka kutoka asilimia 60 hadi 55.

Hapo ndipo bodaboda zinapohesabiwa vibaya. Kijiwe chenye vijana 20 na abiria 200 kwa siku kinampa kila mmoja safari 10. Akija wa 21, abiria hawaongezeki. Safari zinashuka hadi 9 na nusu. Kijana huyo hajakosea, kwa sababu anahitaji hela ya kila siku na ameipata. Ila imetoka kwa wenzake, na pato la mji liko palepale.

Na kule alikotoka? Mwaka 1954 mchumi Arthur Lewis alijenga hoja kwamba mashamba ya familia hubeba watu kuliko kazi iliyopo, hivyo baadhi wanaweza kuondoka na mavuno yasipungue. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, cha Machame huko Kilimanjaro kilichogawanywa kwa wana na wajukuu kiko hivyo miezi mingi ya mwaka, lakini siyo msimu wa kahawa. Kahawa haiivi kwa pamoja. Mti unarudiwa kila baada ya wiki moja au mbili, zinachumwa nyekundu tu, na inafaa zimenywe maganda siku hiyohiyo. Wachumaji wakikosekana, zinaiva kupita kiasi, zinaanguka au zinachacha, na daraja linashuka kabla hazijafika mnadani Moshi. Kuhama kwa namna hiyo kunapunguza pato shambani bila kuliongeza mjini.

Asilimia za pato la taifa nazo zinapotosha. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa, uliopangia kila nchi kiasi cha kuuza nje, ulipovunjika, bei ilianguka vibaya. Anguko kama hilo hushusha mchango wa kilimo kwenye pato hata kama hakuna aliyeweka jembe chini. Kinyume chake, bei ya dhahabu ikipanda, sekta inayoitwa "viwanda" inanenepa, kwa kuwa ndani yake mmehesabiwa madini, ujenzi, umeme na maji. Viwanda vyenyewe vya kuzalisha bidhaa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya pato letu, na migodi mikubwa huajiri watu wachache.

Tena mwendo unaweza kuwa wa kurudi nyuma. Kiwanda cha matairi cha General Tyre hapa Arusha kilisimamisha uzalishaji mwaka 2009. Fundi wa mashine akiishia kuuza mitumba, kwenye takwimu amehamia "huduma", sekta ambayo kwa watu wengi kukua kwake ni dalili ya maendeleo. Kwa tija yake, ameshuka.

Kwa hiyo unayeandaa taarifa ya wilaya, weka safu mbili: watu wangapi wako kila sekta, na kila mmoja anazalisha thamani gani, kabla na baada. Kama ulichonacho ni idadi ya pikipiki na leseni za biashara peke yake, andika kwamba ajira zimehama. Hilo ni sahihi, na linatosha.