Kwa nini Texas A&M huomboleza saa 8:42 usiku?

Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M mjini College Station, Marekani, hukusanyika kwenye uwanja wa kumbukumbu wakisubiri itimie saa 8:42. Majina ya watu 12 husomwa, na kila jina umati huitikia "nipo" kwa niaba ya marehemu.

Anayesikia kwamba vijana hao walikufa kwenye moto wa jadi wa chuo hudhani waliungua. La hasha. Mwaka 1999 hapakuwashwa hata njiti moja. Rundo la magogo lilikuwa bado linajengwa. Lingewashwa wiki iliyofuata, kabla ya mechi ya futiboli ya Kimarekani na mahasimu wao, Chuo Kikuu cha Texas cha mjini Austin, kwa desturi iliyoanza mwanzoni mwa karne ya 20. Saa 8:42 usiku liliporomoka. Wanafunzi 11 na mwenzao mmoja aliyewahi kusoma hapo walikufa, na wengine 27 wakajeruhiwa, kwa kuwa walikuwa kazini: siku za mwisho kazi ilikwenda kwa zamu usiku na mchana. Saa inayokumbukwa ni saa ya kazi, wala si ya sherehe.

Sasa, kwa nini lilianguka? Magogo yapatayo 5,000 yalisimamishwa wima, tabaka juu ya tabaka, hadi karibu mita 18. Chukua mzigo wa kuni uliofungwa kamba, uusimamishe. Ukiuwekea uzito juu, unatulia. Lakini ukichomeka kuni nyingine katikati na kuzigongomea, kila moja inazisukuma za pembeni zitoke nje, na msukumo wote unabebwa na kamba. Ikikatika, mzigo wote unatawanyika kwa mara moja. Ndivyo magogo ya tabaka la pili yalivyogeuka kabari ndani ya lile la chini. Nyaya zilizofunga magogo zikashindwa, na kebo za chuma zilizotumika miaka ya karibuni kulizungushia tabaka hilo, safari hii hazikufungwa.

Tume iliyochunguza ajali hiyo na kutoa ripoti Mei 2000 haikutaja kosa moja tu. Ilitaja pia mteremko wa ardhi na, zito zaidi kwangu, kwamba jengo kubwa hivyo halikuwa na mchoro rasmi wa kihandisi.

Chuo hakijaurudisha moto huo. Mwaka 2024 kilikataa tena. Wanafunzi wanaouendeleza nje ya chuo wana sharti moja la ujenzi: kila gogo liguse ardhi.