Nyoka wa kijani mwembeni: tazama kichwa, si rangi

Hapa Malindi nyoka yeyote wa kijani huitwa mamba, yule nyoka wa sumu kali, na akishaitwa mamba, panga halichelewi. Wengi ninaoitiwa huwa ni Philothamnus punctatus, nyoka mwembamba wa mitini anayekula mijusi na vyura. Hana sumu kabisa.

Rangi haitakusaidia. Mamba wa kijani mwenyewe, Dendroaspis angusticeps, anaishi kwenye miembe, mikorosho na minazi hiyo hiyo. Tazama kichwa. Cha mamba ni kirefu na chembamba, na jicho ni dogo kukilinganisha nacho. Huyu asiye na sumu jicho lake ni kubwa, la duara, na mara nyingi mwili umenyunyiziwa vidoa vyeusi. Mara chache huzidi mita moja, ilhali mamba aliyekomaa hukaribia mbili. Ila mamba mchanga naye ni mfupi, kwa hiyo urefu peke yake usiuamini.

Sasa, jicho kubwa lisikutie moyo upesi. Bumslangi, nyoka mwingine wa mitini mwenye sumu kali, pia ana jicho kubwa, kubwa mno, na dume lake huwa kijani. Magamba yake yana mstari ulioinuka katikati, ya Philothamnus ni laini, lakini nani atayakagua magamba nyoka akiwa juu ya tawi? Wote wawili wakichokozwa huvimbisha koo. Sumu ya bumslangi huharibu ugandaji wa damu, tena polepole: aliyeumwa anaweza kukaa saa kadhaa akijiona mzima. Dawa ya kawaida ya Afrika Kusini inayotibu sumu ya mamba na fira haimfai. Ana yake ya peke yake.

Mwaka 1957, jijini Chicago, Karl Schmidt, bingwa wa nyoka, aliletewa bumslangi mchanga amtambue. Akamshika, akaumwa, na kesho yake akafariki. Ndiyo maana simfundishi mtu kushika nyoka, hata yule ninayemjua kuwa hana neno.

Ukimwona nyoka wa kijani, rudi nyuma hatua kadhaa, watoto wakae mbali, mtu mmoja asimwondolee macho, kisha piga simu. Mjini Watamu wapo Bio-Ken, kituo cha nyoka, wazoefu wa kazi hii. Ukinitumia picha, vuta karibu kwa kamera, si kwa miguu, na nipate kichwa kikionekana kwa ubavu. Picha ya mkia ndani ya majani hainiambii kitu.