Bei za mafuta kwenye navigesheni ya gari: maana yake na zinakotoka

Ukigusa alama ya pampu kwenye kifaa cha ramani cha gari, kile ambacho wengi tunakiita navigesheni au GPS ya gari, kioo kinakupangia vituo vya mafuta vilivyo karibu. Kifaa chenye huduma ya bei kinaongeza kitu kimoja mbele ya kila kituo: bei ya lita. Hapo ndipo watu hukosea. Ile namba ni taarifa. Kuna mtu au mtambo ulioitoa, na kuna saa ilipotolewa, na tangu saa hiyo muuzaji anaweza kuwa ameshabadilisha bei mara mbili. Ukiisoma kama taarifa, itakuokolea pesa. Ukiiamini kama ubao wa kituo chenyewe, ipo siku utaendesha kilomita za bure.

Wengi wanadhani bei hizo hushuka kutoka angani. Setelaiti za GPS hazijui lolote kuhusu mafuta: zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa hupokea mawimbi ya setelaiti nne au zaidi, kikapiga hesabu ya mahali kilipo. Majina ya vituo na sehemu vilipo yamo tayari ndani ya ramani iliyohifadhiwa kwenye kifaa. Bei huja kwa njia nyingine kabisa, kwa laini ya simu iliyofungwa ndani ya gari, au kwa intaneti ya simu yako mwenyewe kupitia Bluetooth. Marekani zipo pia redio za setelaiti zinazobeba bei kwa wateja waliolipia. Kwa hiyo kifaa kikikuonyesha barabara vizuri huku safu ya bei ikiwa tupu, hakijaharibika. Kimekosa mtandao, au muda wa huduma umekwisha. Hili la pili watu hulisahau: huduma ya bei mara nyingi hutolewa bure kwa kipindi fulani, kisha inalipiwa.

Sasa, nani anayetoa bei zenyewe? Hapa nchi zinatofautiana sana, na kwangu mimi hili ndilo linaloamua kama kipengele hiki kina faida au ni pambo.

Njia ya uhakika zaidi ni ya sheria. Ujerumani ilianzisha kitengo cha uwazi wa soko la mafuta mwaka 2013, chini ya mamlaka yake ya ushindani wa biashara. Kituo kikibadilisha bei, kinapaswa kuripoti ndani ya dakika 5, na kitengo hicho hupeleka bei hizo kwa watoa huduma wanaowafikishia madereva. Jimbo la Australia Magharibi lilitangulia zaidi, mwaka 2001, kwa utaratibu uitwao FuelWatch. Kule muuzaji anatangaza bei ya kesho kabla ya saa nane mchana wa leo, na bei hiyo hairuhusiwi kusogea kwa saa 24 kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Dereva anajua leo kama ajaze jioni hii au asubiri kesho. Hakuna kifaa, hata kiwe cha kisasa namna gani, kinachoweza kukupa uhakika wa namna hiyo pasipo sheria nyuma yake.

Njia ya pili ni madereva wenyewe. GasBuddy, huduma ya bei za mafuta iliyoanza Marekani mwaka 2000, ilijengwa juu ya watu wanaopita kituoni, wanasoma ubao na kuandika bei ili wengine waione. Hii inafanya kazi vizuri penye magari mengi. Kwenye barabara isiyopitwa sana, bei inaweza kulala siku nzima bila mtu kuigusa. Ipo pia njia ya kadi za malipo ya mafuta za magari ya kampuni: kila dereva anapolipa, bei aliyolipa inaingia kwenye kumbukumbu. Ni bei ya kweli, maana kuna mtu ameilipa. Ila kama hakuna aliyejaza pale tangu asubuhi, unachokiona ni bei ya asubuhi.

Na mahali ambapo serikali hupanga bei ya kikomo na vituo vyote vinauza karibu sawa, kipengele hiki hakina kazi kubwa. Tumia kifaa kutafuta kituo kilicho wazi, inatosha.

Kwa hiyo kabla ya kutazama namba, tafuta umri wake. Vifaa vingi huonyesha saa bei ilipopokelewa, au hubadilisha rangi ya bei iliyozeeka. Bei ya dakika 10 zilizopita iliyo juu kidogo naiamini kuliko ya jana iliyo chini kabisa. Jihadhari pia na bei ambazo ni za wenye kadi ya uanachama au wanaolipa fedha taslimu tu, kwa sababu kwenye orodha zinaweza kuonekana sawa na nyingine.

Baada ya umri inakuja hesabu ya safari, na hii inafanyika kichwani. Tuseme kituo cha mbali kinauza kwa asilimia 2 pungufu ya kilicho mbele yako, nawe unataka kujaza lita 40. Asilimia 2 ya lita 40 ni lita 0.8, na hiyo ndiyo faida yako yote. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100 linaitumia lita 0.8 ndani ya kilomita 10. Maana yake, ukiacha njia yako kwa kilomita 5 kwenda na 5 kurudi, umerudi ulipoanzia, na muda umekwenda. Ukijaza lita 15 tu, faida ni lita 0.3, ambayo inaishia kabla ya kilomita 4. Namba za gari lako zitakuwa nyingine, lakini hesabu ni hiyohiyo, na haihitaji hata kujua bei ni kiasi gani. Inahitaji tofauti ya bei kwa asilimia, lita unazotaka na ulaji wa gari.

Ndiyo maana nasisitiza mpangilio mmoja ambao wengi hawaugusi: tafuta vituo vya kandokando ya njia, badala ya vile vinavyokuzunguka. Utafutaji wa kuzunguka kwenye vifaa vingi hupima umbali kwa mstari ulionyooka, kama ndege arukavyo. Niliwahi kufuata kituo ambacho kioo kilisema kiko mita 400. Kweli nilikiona, ubao wake unasomeka vizuri kabisa, lakini kilikuwa ng'ambo ya barabara iliyogawanywa kwa ukingo wa zege. Kifaa kikanipeleka mbele hadi sehemu ya kugeuzia, kilomita 6 kwenda na kurudi. Siku hizi naweka mwisho wa safari kwanza, ndipo natafuta mafuta, na namwachia abiria aguse kioo au nafanya hivyo kabla ya kuondoka.

Aina ya mafuta iwekwe mara moja kwenye mipangilio, ili dizeli isichanganyike na petroli kwenye orodha. Penye petroli ya E10, ile iliyochanganywa na ethanoli hadi asilimia 10, kumbuka kwamba lita ya ethanoli ina nishati karibu theluthi moja pungufu ya lita ya petroli. Gari litakwenda pungufu kidogo kwa kila lita, kwa hiyo E10 ikiwa chini kwa senti chache tu, huenda hujapata nafuu yoyote. Na hakikisha injini yako inaikubali. Kwa kawaida imeandikwa ndani ya kifuniko cha tanki.

Yote haya ni ya dereva mwenye mafuta ya kutosha kuchagua. Taa ya mafuta ikishawaka kwenye dashibodi, badilisha mpangilio wa orodha kutoka bei kwenda umbali, kisha nenda kituo cha kwanza kilicho upande wako wa barabara. Magari mengi ya petroli yana pampu ya umeme iliyozama ndani ya tanki, na mafuta yaleyale ndiyo yanayoipoza. Pampu ikikauka kwa sababu ulikuwa ukifuata nafuu ya asilimia 2, fundi hatakutoza kwa lita.