Forodhani si Unguja nzima

Wiki iliyopita nilipokea familia kutoka Arusha bandarini, saa tatu asubuhi. Hata getini hatujatoka, baba mtu akaniambia, "Kaka, sisi asubuhi tunapiga biskuti tu. Njaa tunaitunza kwa ajili ya Forodhani."

Nikanyamaza kidogo. Kazi hii ya kutembeza wageni Mji Mkongwe naifanya miaka mingi, na sentensi hiyo naisikia karibu kila boti inapofunga. Watu wanapita supu inayochemka, chapati zinazogeuzwa na maharage ya nazi, tumbo tupu, wanasubiri usiku uingie ili wale "chakula cha Zanzibar". Ati kiko pahala pamoja tu, tena baada ya magharibi.

Forodhani, ile bustani ya ufukweni inayouzwa vyakula usiku, siichukii. Jina lenyewe linatokana na forodha, maana hapo ndipo mizigo ya baharini ilipokuwa ikitozwa ushuru. Bustani ilikarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture ikafunguliwa upya mwaka 2009, na jioni vijana wanajirusha baharini kwa madaha yote. Wenyeji tunakwenda kupunga upepo na kunywa juisi ya miwa. Ila zile meza za kambakoche na pweza zilizopangwa kama dukani kwa sonara zimepangiwa macho ya mgeni. Mishikaki mingi unayoiona pale imeshachomwa. Ukichagua, inarudishwa motoni. Ukifika saa nne usiku huna njia ya kujua imerudi motoni mara ngapi. Kula unachokiona kikipikwa kutoka ubichi mbele yako, na uliza bei ya kila kitu kabla hujanyoosha mkono. Bei ya jumla mwisho wa sahani ndiyo inayoleta maneno.

Halafu kuna hiyo "pizza ya Zanzibar". Ni unga uliotandazwa mwembamba, ukatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa. Undugu wake ni na mutabbaq wa Yemen kuliko Italia. Ni tamu, sikatai, lakini usiende kwenu ukasema umekula mapishi ya bibi zetu.

Chakula chetu kina saa zake, na hapo ndipo wageni wengi wanapokosea. Asubuhi ni supu, mkate wa kumimina, mandazi, maharage ya nazi. Mchana ni wali wa nazi na mchuzi wa samaki au samaki wa kupaka, na Ijumaa harufu ya pilau na biriani inakufuata vichochoroni. Ukienda kuutafuta mchuzi ule saa kumi jioni utakuta sufuria limeoshwa. Alasiri ndiyo zamu ya urojo: rojo la manjano lenye uchachu wa embe mbichi na ndimu, ndani mna mbatata, bajia, kachori, chipsi za muhogo, chatne na pilipili ya kukutoa machozi. Baadaye kahawa chungu kwa vikombe vidogo pale Jaws Corner, umekaa barazani, unasikiliza wazee wakibishana siasa na mpira. Kahawa hiyo inataka kashata au halua pembeni, si sukari ndani.

Wapi? Anza Mkunazini na Darajani. Kisha, tafadhali, vuka barabara uingie Ng'ambo. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja juu ya mkondo wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkondo ulishafukiwa zamani, lakini wageni bado wanageukia pale pale kana kwamba daraja limevunjika jana. Jioni, karibu na yale majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, foleni ni ya wenyeji na bei ni za wenyeji. Kipimo changu ni kimoja: ukiona watu wanakuja na vyombo vyao vya nyumbani kununulia, kaa hapo hapo.

Ukija Ramadhani utakufa njaa? Hapana. Mchana migahawa mingi hufungwa na kula barabarani ni utovu wa adabu, kwa hiyo mchana utakula hotelini kwako. Adhana ya magharibi ikilia, mji mzima unakula mpaka daku. Wanaojua huja mwezi huo makusudi.

Sasa kisiwa cha Changuu. Wageni wananiambia, "Tupeleke Prison Island tukaone gereza la watumwa," maana ndivyo wanavyokiita. Jengo wanalolipigia picha lilijengwa miaka ya 1890, enzi za Lloyd Mathews, waziri mkuu wa Sultani, liwe jela. Hakufungwa humo mfungwa hata mmoja. Likageuzwa karantini kwa hofu ya homa ya manjano. Kisiwa chenyewe kiliwahi kutumiwa kuwazuia watumwa miaka ya nyuma kabla ya hapo, hilo ni kweli, lakini si ndani ya kuta hizo. Wale kobe wakubwa nao asili yao ni kisiwa cha Aldabra; wanne wa mwanzo waliletwa zawadi kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Nenda Changuu kwa kobe na kwa bahari. Ukitaka habari ya utumwa, nenda Mkunazini kwenye Kanisa la Anglikana, lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs, watu wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Pale naomba simu zishushwe kidogo. Nimeona mtu akijipiga picha huku anacheka, nikaona aibu mimi.

Mengine nayamaliza upesi. Ngome Kongwe hawakuijenga Wareno. Ni Waarabu wa Oman waliowafukuza, mwishoni mwa karne ya 17, na walichoacha Wareno pale ni kanisa. Misumari ya shaba milangoni haikuwa ya kuzuia tembo wa Unguja, kwa kuwa Unguja haina tembo. Ni mtindo uliotoka Bara Hindi, hapa ukabaki pambo la kuonyesha uwezo. Jumba la Beit el-Ajaib la mwaka 1883 haliko tena kama kwenye picha uliyohifadhi simuni: sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Na mwimbaji Freddie Mercury, ndiyo, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na makumbusho yake yako Shangani tangu mwaka 2019. Ila mjini humu nyumba zaidi ya moja zimewahi kuonyeshwa wageni kuwa ndiyo kwao, basi usimlipe mtu wa njiani akuonyeshe ya nne.

Ile familia ya Arusha niliiingiza Mkunazini kwa nguvu, mizigo ikiwa bado mgongoni. Biskuti hazikufunguliwa. Magharibi tukaenda Forodhani, watu wameshiba, tukanunua juisi ya miwa tu na kuwatazama vijana wakijirusha.